Sadaka na Kafara: Siasa za Kujinyima kwa Ajili ya Mazingira

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja, na nawashukuru waandaaji walioniachia kipaza sauti jioni ya leo.

Kabla sijaingia kwenye maneno, naomba tufanye jambo moja. Kama uko tayari kutoa asilimia moja ya kipato chako kila mwezi kwa ajili ya kupambana na ongezeko la joto duniani, nyoosha mkono. Usiogope, hakuna anayeandika majina. Asanteni. Si wote, lakini ni wengi. Shusheni mikono. Sasa swali la pili: nyoosha mkono kama unaamini wananchi wenzako walio wengi, hao walioko nje ya ukumbi huu, nao wangekubali. Mnaona? Mikono imepungua.

Swali hili sikulitunga mimi. Watafiti waliwauliza watu karibu 130,000 katika nchi 125, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Asilimia 69 walisema ndiyo, tutatoa. Lakini walipotakiwa kukisia ni wangapi kati ya wananchi wenzao wangekubali, wastani wa makisio ulikuwa asilimia 43. Maana yake ni kwamba mamilioni ya watu wako tayari kujinyima, kila mmoja akidhani amebaki peke yake. Na mtu anayedhani yuko peke yake hatoi. Anasubiri.

Nimeanza na takwimu hiyo kwa sababu mada niliyopewa ni ya mgawanyiko, na hotuba za mgawanyiko zina tabia ya kuwaacha watu wamegawanyika zaidi kuliko walivyokuja. Mgawanyiko upo, sitauficha. Tangu mwaka 1993 kuna dodoso la kimataifa linalorudiwa kila baada ya miaka kadhaa, nalo huuliza maswali matatu ambayo kila anayefuatilia jambo hili anayajua. Je, uko tayari kulipa bei za juu zaidi ili kulinda mazingira? Je, uko tayari kulipa kodi kubwa zaidi? Je, uko tayari kupunguza kiwango chako cha maisha? Ukipanga majibu kwa mirengo ya kisiasa, katika nchi nyingi tajiri picha ni ile ile: walio mrengo wa kushoto husema ndiyo zaidi, walio mrengo wa kulia husema hapana zaidi.

Basi hitimisho la haraka ni kwamba upande mmoja unaijali dunia na wa pili hauijali. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka mingi. Siamini tena.

Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayokaa jirani lakini yana maisha tofauti: sadaka na kafara. Sadaka mtu huitoa kwa mkono wake. Ameipima, ameamua, anajua inakwenda wapi. Kafara ni kile kinachochinjwa ili wengine wapone. Mbuzi wa kafara haulizwi. Hajui kama siku yake imefika mpaka kamba iguse shingo. Na tumwelewe vizuri mbuzi huyu: hana ugomvi na dua inayosomwa. Ugomvi wake ni na kisu.

Mabishano mengi ya kisiasa kuhusu mazingira ni mabishano ya sadaka na kafara. Anayeomba anadhani anaomba sadaka. Anayeombwa anaona kamba.

Tuangalie Marekani kwanza, kwa sababu huko mpasuko ni mpana kuliko karibu popote. Utafiti mmoja uliolinganisha nchi zaidi ya 20 uligundua kwamba Marekani ndiko uhusiano kati ya uhafidhina na kutilia shaka mabadiliko ya tabianchi ulikuwa na nguvu zaidi. Katika nchi nyingi zilizobaki ulikuwa dhaifu au haukuonekana kabisa. Ulaya nako, mgawanyiko wa kulia na kushoto unaonekana upande wa magharibi. Ukifika kwenye nchi zilizokuwa za kikomunisti, unafifia. Kama kutojali mazingira kungekuwa kumo kwenye damu ya mhafidhina, damu hiyo ingebadilikaje kwa kuvuka mpaka tu?

Tena Marekani yenyewe haikuwa hivi. Mwaka 1970 Seneti ilipopiga kura juu ya Sheria ya Hewa Safi, kura zilikuwa 73 kwa sifuri. Sifuri, ndugu zangu. Aliyeitia saini, Desemba 31 ya mwaka huo, ni Richard Nixon wa chama cha Republican. Mwaka 1987 dunia ilikubaliana huko Montreal kuachana na gesi zilizokuwa zinatoboa tabaka la ozoni. Rais alikuwa Ronald Reagan, mtu aliyekuwa akisema waziwazi kwamba serikali ndiyo tatizo, na Seneti iliridhia itifaki ile mwaka 1988 kwa kura 83 kwa sifuri. Mwaka 1990 George Bush mkubwa alitia saini mabadiliko ya Sheria ya Hewa Safi yaliyoanzisha soko la vibali vya kutoa hewa chafu ili kumaliza mvua ya tindikali. Mwaka 2008 John McCain, mgombea urais wa Republican, aliahidi kwenye kampeni zake kuweka ukomo wa hewa ukaa nchi nzima.

Halafu njooni mwaka 2022. Sheria kubwa kuliko zote za tabianchi katika historia ya nchi ile ilipita Seneti kwa kura 51 kwa 50, Makamu wa Rais akipiga kura ya kuvunja sare, na hakuna Mrepublican hata mmoja, si Seneti wala Baraza la Wawakilishi, aliyeiunga mkono. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Sheria ile haikumwomba mwananchi wa kawaida ajinyime. Ilijaa ruzuku na nafuu za kodi kwa anayeweka paneli za jua, anayenunua gari la umeme, anayejenga kiwanda cha betri. Sehemu kubwa ya viwanda vilivyofuata ilikwenda kwenye majimbo ya uchaguzi ya Warepublican wenyewe. Na mwaka 2025 nafuu nyingi kati ya hizo zilifutwa kwa sheria nyingine, iliyopita bila kura hata moja ya Mdemokrat.

Kwa hiyo si maumivu peke yake yanayogawa watu. Kitu kisichouma kabisa kinaweza kuwagawa, kikishapakwa rangi ya chama.

Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2013 limenikaa kichwani. Watu walipewa fedha wakaambiwa wachague balbu moja kati ya mbili: ya kizamani, ya bei nafuu, au ile inayobana umeme, ghali zaidi. Wote walielezwa kwamba inayobana umeme hudumu muda mrefu zaidi na hupunguza gharama. Kisha baadhi yao waliikuta balbu hiyo ikiwa na kibandiko chenye maneno ya kuhimiza kulinda mazingira, na wengine wakaikuta na kibandiko kitupu. Balbu ile ile, mwanga ule ule, bei ile ile. Wahafidhina na watu wa msimamo wa kati waliichagua kwa uchache zaidi ilipokuwa na maneno ya mazingira kuliko ilipokuwa na kibandiko kitupu. Na bei za balbu zote mbili zilipolinganishwa, karibu kila mtu, wa mrengo wowote, alichagua inayobana umeme.

Hebu mshike kibandiko kile mkononi kwa dakika moja. Kimekatwa kwenye karatasi, hakina uzito. Lakini mtu anaacha kitu chenye faida kwake kwa sababu kibandiko kimemwambia: hiki ni cha wale. Hakukataa mwanga. Amekataa kuhesabiwa upande ambao haamini kwamba unamheshimu. Tunaweza kumcheka, na wapo wanaomcheka. Lakini kila mmoja wetu ana kibandiko chake ambacho kingemfanya arudishe balbu.

Mwaka uliofuata watafiti wengine walikwenda mbali zaidi. Waliwapa Warepublican maelezo yale yale ya kisayansi kuhusu kupanda kwa joto, ila tiba ikabadilishwa. Walioambiwa kwamba dawa ni sheria na kodi za serikali, asilimia 22 tu walikubali kwamba joto litapanda kama wanasayansi wanavyosema. Walioambiwa kwamba dawa ni soko huria na ubunifu wa teknolojia, asilimia 55 walikubali. Sayansi haikubadilika hata nukta. Mtu anapoiogopa tiba, anaanza kuukana ugonjwa. Tunamwita mkanushaji wa sayansi, tunamrundikia grafu, na kumbe grafu hana shida nazo, anaitazama sindano.

Kuna wanaosema hofu hiyo ni ya upande wa kulia tu. Historia ya Kanada inawakatalia.

Julai 1, 2008, jimbo la British Columbia lilianzisha kodi ya kaboni, dola 10 kwa kila tani ya hewa ukaa, ikipanda hadi 30 kufikia mwaka 2012. Walioianzisha walikuwa serikali ya mrengo wa kati-kulia, chini ya Gordon Campbell. Fedha zote zilirudishwa kwa wananchi na kampuni kwa kupunguza kodi nyingine. Na aliyeipinga ni nani? Chama cha upande wa kushoto, NDP, kwa kaulimbiu ya maneno machache: ikateni kodi hii. Walisema inamwonea mtu wa kawaida. Wakashindwa uchaguzi wa mwaka 2009, na baadaye wakaikumbatia kodi ile ile.

Miaka kumi na mitano ikapita. Majimbo mengi ya Kanada yalikuwa chini ya kodi ya kaboni ya serikali ya shirikisho, safari hii ikiwa ya upande wa katikati na kushoto. Akasimama kiongozi wa chama cha mrengo wa kulia, Conservative, Pierre Poilievre, akazunguka nchi nzima na kaulimbiu ile ile, neno kwa neno. Ikateni kodi hii. Kufikia Aprili 1, 2025, tozo kwa mtumiaji wa kawaida ilikuwa imefutwa, na aliyeifuta ni waziri mkuu kutoka chama kile kile kilichoianzisha. Siku hiyo hiyo British Columbia nayo ikaifuta ya kwake, chini ya serikali ya NDP.

Mkiwa na nafasi, rudieni hadithi hiyo mkiwa nyumbani, kwa sababu inachosha akili ya mtu aliyezoea kugawa watu kuwa wema na wabaya. Maneno yale yale yalitoka kinywa cha kushoto, yakaja kutoka kinywa cha kulia. Kilichobaki pale pale ni kidonda kilichoguswa: hisia ya mtu kwamba anachomolewa kitu mfukoni na hajui kinakwenda wapi.

Na sehemu inayoniuma zaidi ni hii. Kodi ile ya shirikisho ilikuwa inarudi. Sehemu kubwa ya fedha ilirudishwa kwa kaya, na kaya nyingi za kipato cha chini zilipokea zaidi ya kile zilicholipa moja kwa moja kwenye mafuta. Lakini watafiti walipowauliza wananchi, wengi hawakujua kiasi walichopokea, na wengine hawakujua kama wamepokea chochote. Tozo ilionekana kila mara mtu alipojaza tangi, kwa tarakimu kubwa juu ya pampu. Marejesho yaliingia benki kimyakimya, kwa baadhi ya watu yakiwa na maandishi mafupi yasiyosema yametoka wapi wala kwa nini. Ilifika mahali serikali ikabadilisha jina la malipo na kutunga sheria ya kuzitaka benki ziyaandike vizuri kwenye taarifa za akaunti. Hiyo ilikuwa mwaka 2024. Watu walikuwa wameshafunga mioyo.

Kuchukua kwa kipaza sauti na kurudisha kwa mnong'ono! Hata kama hesabu iko sawa, imani haiwezi kuwa sawa.

Sasa Ufaransa. Wengi wenu mnakumbuka vizibao vya njano. Kizibao kile ni kitu ambacho dereva wa Ufaransa analazimika kisheria kuwa nacho garini, ili aonekane gari likiharibika barabarani. Kimekaa kwenye gari miaka yote bila kazi. Novemba 17, 2018, zaidi ya watu 280,000 walikitoa, wakakivaa, wakasimama kwenye mizunguko ya barabara. Nguo ya mtu anayesema: nimekwama, nioneni.

Chanzo kilikuwa nyongeza ya kodi ya mafuta iliyopangwa kuanza Januari 1, 2019, senti 6.5 kwa lita ya dizeli na 2.9 kwa petroli. Magazeti mengi duniani yaliandika kwamba Wafaransa wamekataa mazingira. Sikilizeni walichokuwa wanakisema wenyewe. Kwa miongo kadhaa serikali iliwahimiza kununua magari ya dizeli kwa kuitoza kodi ndogo. Wakanunua. Wakahamia mbali na miji kwa sababu nyumba mjini hazishikiki, na huko walikohamia treni imefungwa na basi halipiti. Kisha wakaambiwa dizeli ni dhambi. Mwaka ule ule kodi ya utajiri ilikuwa imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi nyepesi zaidi ya majumba na ardhi. Na mafuta ya ndege yalikuwa hayatozwi kodi. Anayeendesha kilomita 40 kwenda kufanya usafi hospitalini alipe; anayeruka kwenda mapumziko asilipe. Kauli yao mashuhuri ilikuwa kwamba wakubwa wanazungumzia mwisho wa dunia wakati wao wanazungumzia mwisho wa mwezi. Wengine kati yao waliandamana Jumamosi hizo hizo bega kwa bega na waandamanaji wa tabianchi, wakisema mwisho wa dunia na mwisho wa mwezi ni pambano moja.

Mbuzi hakuwa na ugomvi na dua.

Nyongeza ikafutwa Desemba 2018. Baadaye Rais Macron akaitisha baraza la wananchi 150 waliochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, matajiri na maskini, wa mjini na wa mashambani. Walikaa wikiendi baada ya wikiendi kati ya 2019 na 2020, wakasikiliza wataalamu, wakabishana, wakatoka na mapendekezo 149, mengi makali kuliko yale ambayo wanasiasa walikuwa wamethubutu kuyatamka. Watu wa kawaida, wakipewa muda na heshima, walikubali kujinyima. Kisha mapendekezo yao yakachujwa na kupunguzwa, ingawa waliahidiwa yatapelekwa bila kuchujwa, na wao wenyewe walipoombwa kuipa serikali alama, waliipa alama za chini sana. Ukimwomba mtu sadaka, akatoa, halafu ukaiacha mlangoni, usimwombe tena kesho.

Nitasema la kwangu sasa, maana nimeyasema sana ya wengine. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama mbele ya watu, kama nilivyosimama hapa, nikaeleza kwa nini bei ya mafuta inapaswa kupanda na kwa nini tunapaswa kuizoea. Nilikuwa na takwimu zote. Nilipomaliza, mama mmoja wa makamo akasimama taratibu, hakuomba kipaza sauti. Akasema: "Mwanangu, nimekuelewa, na ninayoyaona mvuani na jua linavyochoma sihitaji kufundishwa. Niambie tu, katika hayo uliyoyataja, wewe unaacha nini?" Nikaanza kujibu kuhusu sera. Akasema, "Hapana, baba. Wewe."

Sikuwa na jibu. Niliondoka pale nikajifungia na swali lake kwa wiki nyingi, na hotuba hii ni moja ya matunda yake. Tangu siku hiyo sisimami mbele ya watu kuwaomba kitu kabla sijaweza kutaja nilichokiacha mimi. Mama, kama uko mahali unanisikia, nakushukuru.

Swali lile linagusa jambo ambalo wenzangu wa upande wa mazingira hawapendi kulisikia. Kusema "niko tayari" kwenye dodoso hakugharimu kitu. Utafiti uliofanywa Ujerumani uliwapima watu kwa mambo mawili: wanajiona wapenzi wa mazingira kiasi gani, na kwa kweli wanatumia nishati kiasi gani maishani mwao. Kujiona mpenzi wa mazingira kulisaidia katika mambo madogo. Matumizi ya jumla yalifuata kipato. Mwenye fedha nyingi alitumia nishati nyingi, hata kama moyoni ni wa kijani kibichi kabisa. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi limekadiria kwamba asilimia 10 ya kaya zinazotoa hewa chafu zaidi kwa kichwa ndizo zinazobeba kati ya asilimia 34 na 45 ya gesijoto zote za matumizi ya kaya duniani. Wapo katika asilimia hiyo 10 wenye elimu nzuri, wanaosoma ripoti, na kwenye dodoso hujibu ndiyo.

Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwananchi anayekataa kodi ya mafuta huenda hajasoma ripoti hata moja, lakini hilo amelisoma kwenye nyuso zetu.

Sasa msinielewe vibaya. Simaanishi kwamba kila anayepinga ana haki, wala kwamba hakuna wanaochochea. Wapo. Kampuni za mafuta zimetumia fedha nyingi mno kupanda mashaka na kununua matangazo. Nitatoa mfano sasa hivi. Wanasiasa wanaofanya mazingira kuwa uwanja wa matusi wanajua wanachofanya. Ila mbegu ya uchochezi haioti kwenye mwamba. Inaota pale ambapo udongo umeshalimwa na kutoaminiana. Tafiti za Ulaya zinaonyesha jambo hili kwa uwazi: mtu anaweza kuamini kabisa kwamba dunia inachemka kwa makosa yetu, na bado akakataa kodi, kwa sababu haamini wanasiasa watakaoishika hiyo fedha.

Mfano niliouahidi ni jimbo la Washington, kule Marekani. Mwaka 2016 wapiga kura waliulizwa kama wanataka kodi ya kaboni ambayo fedha zake zingerudi kama punguzo la kodi. Vikundi kadhaa vya mazingira na vya mrengo wa kushoto viliipinga, vikisema haiwekezi chochote kwenye jamii zilizoumia zaidi. Ikaanguka. Mwaka 2018 likaja pendekezo la pili, safari hii fedha ziwekezwe kwenye nishati safi na jamii hizo. Kampuni za mafuta zikamwaga zaidi ya dola milioni 30 kulipinga. Likaanguka nalo. Ungesema basi, watu wa kule hawataki kulipa.

Mwaka 2021 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya ukomo na soko la vibali, ikaanza kazi 2023. Ikaleta malalamiko ya bei ya mafuta, na wapinzani wakaipeleka kwa wananchi Novemba 2024 ili ifutwe. Takriban asilimia 62 wakakataa kuifuta. Ni jimbo lile lile lililokataa mara mbili. Kilichobadilika ni kwamba safari hii hawakuwa wanaulizwa kuhusu kitu cha kufikirika. Fedha zilikuwa zimeanza kuonekana: usafiri wa umma bure kwa vijana, mabasi ya shule ya umeme, miradi yenye anwani.

Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ilipita njia hiyo mapema zaidi. Kuingia katikati ya mji kwa gari kuliwekewa tozo ya majaribio kuanzia Januari 3 hadi Julai 31, 2006. Kabla ya majaribio, wengi walipinga. Tozo ikaanza, na magari yaliyokuwa yakivuka mpaka ule yakapungua kwa karibu moja ya tano. Watu wakaamka asubuhi moja wakaona barabara ambazo walikuwa wamesahau kwamba zina lami. Majaribio yakaisha, na Agosti magari mengi yakarudi, na foleni pamoja nayo. Septemba 17 wananchi wa jiji wakapiga kura ya maoni, na walio wengi, kwa tofauti ndogo, wakasema irudi. Siku hiyo hiyo vyama vya mrengo wa kulia vilishinda uchaguzi wa taifa. Vilikuwa vimeipinga tozo. Vikairudisha mwaka 2007, ila vikaamua fedha ziende kwenye barabara, jambo lililowapoza watu wao. Miaka michache baadaye uungwaji mkono ulifika karibu watu saba kwa kila kumi.

Naipenda hadithi hii kwa sababu ya ule mwezi wa Agosti. Hakuna hotuba iliyofanya kazi ya mwezi ule. Mtu alikaa ndani ya gari lake, injini inaunguruma, mbele taa nyekundu za magari mia mbili, akajua kwa mwili wake alichokuwa amekinunua kwa tozo ile.

Uswisi waliona upande mwingine wa jambo hilo. Juni 2021 wapiga kura waliikataa, kwa asilimia 51.6, sheria iliyokuja na tozo za mafuta na tiketi za ndege. Juni 2023 waliikubali, kwa asilimia 59.1, sheria yenye malengo mazito lakini iliyokuja na ruzuku badala ya tozo. Wanasiasa wengi wamejifunza kutoka hapo kwamba njia salama ni kutomwomba mtu chochote. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Ruzuku zitatufikisha mbali, hazitatufikisha mwisho. Nyama, ndege, nyumba kubwa, magari mazito, ipo siku lazima tuambiane ukweli kuhusu hayo, na siku hiyo tutahitaji watu wanaoaminiana zaidi kuliko tunavyoaminiana sasa. Tena namaanisha watu wa vyama vyote, maana sheria inayopita kwa kura moja hufutwa kwa kura moja.

Ndiyo maana sina orodha ya sera kwenye karatasi yangu leo. Nina ombi kwa wale wa upande wangu. Tukienda kwa mtu wa mrengo mwingine, tusiende na kibandiko. Twende na hesabu ya nani analipa, akiwemo mwenye ndege, na tarehe ambayo fedha itarudi, na jina la atakayemrudishia. Tumwachie nafasi ya kusema tiba gani anaweza kuimeza. Na akituuliza sisi tunaacha nini, tuwe nalo la kutaja.

Mimi nimemaliza ya kwangu. Kipaza sauti kinakuja kwenu, na tuna muda wa kutosha. Naomba kianze na mtu ambaye pale mwanzo hakunyoosha mkono kwenye swali la kwanza. Sitaki kukubishia. Nimekuja kusikiliza. Karibu, kaka, wewe wa nyuma pale.